Nataka kununua boti nyembamba ya mferejini nihamie humo. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

KijanaWaKirumba

Habari zenu wanajukwaa, hasa mlioko Uingereza.

Nipo Milton Keynes mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ghalani, zamu za usiku. Chumba nalipa pauni 780 kwa mwezi, na juu yake mwenye nyumba kaniwekea kikaratasi jikoni kwamba dagaa wasikaangwe. Kila asubuhi narudi na baiskeli kando ya mfereji wa Grand Union, naona watu wametulia kwenye zile boti ndefu nyembamba, moshi unatoka kwenye bomba, mbwa kalala juu ya paa. Nikaanza kupiga hesabu.

Nimepata moja. Ya chuma, urefu futi 57, imeundwa 1996, injini ya Beta, bei pauni 41,000. Muuzaji ni mzee mmoja mstaarabu sana. Anasema chini ilipakwa "juzi juzi tu" na cheti cha usalama kina uhai mpaka mwakani, kwa hiyo sina haja ya kutupa pesa kwa mkaguzi. Kuna mtu mwingine anaitaka, hivyo niweke amana kabla ya Jumapili.

Ndani ni pazuri, mbao tupu, jiko la makaa, kitanda kikubwa. Mimi nimekulia ziwani lakini boti ninazozijua ni za mbao na mashine ya kupachika. Hizi za chuma sizijui. Niangalie nini? Baridi yake ikoje? Na umeme?

Mzee_wa_Hesabu

Mkuu, pauni 41,000 si ukajenge Buswelu upangishe? Boti haipandi thamani hata siku moja. Ni gari lenye kitanda.

BintiFundi_Pangani

Mwanangu wa Kirumba, salamu.

Mimi naishi botini mwaka wa kumi na mbili huu, mfereji huo huo wa kwako, kati ya Braunston na Marsworth. Ni muuguzi, nakaribia kustaafu. Nimezaliwa Pangani na baba yangu alikuwa fundi wa majahazi, kwa hiyo nilipofika huku na kuona vyombo vya chuma nikajiona najua. Sikujua kitu. Nitakueleza nilivyojifunza, na mengine yalinigharimu.

Amana weka ukitaka, lakini iandikwe kwamba inarudi mkononi mwako mkaguzi akikuta kasoro. Akikataa kuandika, mwachie huyo mteja mwingine, kama yupo.

Kile cheti cha usalama ndicho kinachopoteza wengi. Kinatolewa kwa miaka minne, na anayekitoa anaangalia gesi, nyaya, mafuta, moto na matundu ya hewa. Chuma cha chini hakimhusu. Boti inaweza kuwa na cheti cha jana na bamba la chini limebaki ganda la yai. Kwa hiyo utatafuta mkaguzi wako mwenyewe, usikubali wa kuletewa na muuzaji, na utalipia boti itolewe majini. Mimi ukaguzi na kutolewa majini vilinigharimu kama pauni 900 kwa pamoja, miaka hiyo. Niliumia, lakini boti ya kwanza niliyoitaka ilikataliwa hapo hapo.

Boti za zama za hiyo yako husemwa ni 10/6/4. Maana yake bamba la chini lilianza na milimita 10, mbavu 6, kuta za chumba 4. Mkaguzi atagonga na nyundo, kisha atapima unene kwa mawimbi ya sauti, pointi baada ya pointi. Namba ya kuikumbuka ni 4: chini ya milimita 4 kampuni nyingi za bima zinakataa boti nzima, hata kama ni mahali padogo. Utaambiwa "tutabandika bamba jipya juu ya la zamani". Inafanyika, na wakati mwingine ni sawa, ila boti inaongezeka tani na kukaa chini zaidi majini, na yale matundu ya nyuma ya hewa na ya bomba la moshi yanasogelea maji. Chombo kikilala kidogo upande, maji yanaingia kwa matundu hayo, hayahitaji kutu.

Kutu ile nyekundu iliyotandaa isikutishe, ina kelele tu. Kinachoua ni vishimo. Vidogo kama punje ya mtama, vinachimba wima. Tazama usawa wa maji, pale chuma kinapolowa na kukauka kila siku, halafu tazama tezini, yaani nyuma, kuzunguka propela.

Sasa hilo la "juzi juzi tu". Muulize tarehe na risiti. Baba alikuwa akilipandisha jahazi, analikalafati kwa pamba, kisha anapaka deheni, chokaa na shahamu, harufu yake naisikia mpaka leo. Hapa deheni yao ni lami. Inapakwa kila miaka miwili, ikizidi mitatu umechelewa. Ipo pia epoksi ya makopo mawili, hiyo inakaa mara mbili ya muda huo na zaidi, lakini haishiki juu ya lami: lazima chuma kipigwe mchanga mpaka kiwe cheupe kwanza. Niliona jirani amepaka epoksi juu ya lami ya zamani ili aokoe pesa, mwaka uliofuata ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Na ukiwa chini ya boti, hesabu anodi. Ni vile vipande vya chuma vyeupe vilivyochomelewa mbele na nyuma, kazi yake ni kuliwa badala ya boti. Kwa maji baridi ya mferejini zinatakiwa za magnesiamu. Za zinki ni za baharini, huku zinajifunika utando na kulala usingizi. Ukikuta anodi zimekwisha kabisa, muulize mzee alikuwa amechomeka umeme wa marina, ile bandari ndogo ya kuegesha boti, muda gani. Waya wa ardhi wa umeme ule unaunganisha boti zote za gatini, na chuma chako kinakuwa anodi ya jirani. Kuna kifaa kinachowekwa kwenye waya huo kuzuia mkondo mdogo usipite, huku kikiruhusu ule mkubwa wa hitilafu ili usije ukapigwa shoti. Kama boti haina, kiweke kabla hata ya kununua mapazia.

Halafu ndani. Hizo mbao nzuri zote ni kifuniko. Karibu na ngazi ya nyuma pana kibao cha sakafu kinachofunguka. Kifungue, tia mkono mpaka chini. Ukiutoa umelowa, jua kwamba ngama imekaa na maji, na bamba linaliwa kutoka ndani ambako hakuna aliyepaka lami wala anodi. Kama hakuna kibao cha kufungua, hiyo nayo ni habari.

KijanaWaKirumba

Shikamoo Mama, na asante sana. Ngama ni nini? Sisi wa ziwani hatuna neno hilo.

BintiFundi_Pangani

Marahaba. Ngama ni tumbo la chombo, kule chini kabisa maji yanakojikusanya. Ulipokuwa mtoto ukifua maji kwa kopo ndani ya mtumbwi, hapo ndipo ulipokuwa unachota.

Na kwa kuwa umeniuliza ngama, ngoja nikupe aibu yangu.

Nyuma ya boti hizi, juu ya propela, kuna kisanduku chenye kifuniko. Ukinasa kitu, unazima injini, unang'oa ufunguo kabisa, unafungua kifuniko na kuingiza mkono kwenye maji kukata kilichonasa. Machi mmoja asubuhi, karibu na Cosgrove, nilinasa godoro. Ndiyo, godoro, lile la sponji. Nilikata nusu saa na kisu cha mkate, mikono imekufa ganzi, na zamu yangu inaanza saa nane mchana. Nikarudisha kifuniko haraka, nikakaza upande mmoja, mwingine nikadhani nimeukaza.

Nikawasha nikaenda. Propela ikizunguka inayarusha maji juu kwa nguvu ndani ya kile kisanduku. Nikavuka lile daraja la chuma linalopitisha mfereji juu ya mto Great Ouse, la mwaka 1811, na kwa kawaida hapo huwa nasimama kidogo kutazama mto kule chini. Siku ile niliona boti inageuka kwa uzito. Tezi imeshuka. Nikafungua ubao wa injini: maji yamefika nusu ya gurudumu la injini, na pampu ya ngama iko kimya kwa sababu kielea chake kimenaswa na kitambaa changu mwenyewe cha kufutia mafuta. Nilizima injini, nikaisukuma boti kwa upondo hadi ukingoni, nikafua maji kwa ndoo ya kudekia. Kazini nilifika saa kumi.

Tangu siku ile nina utaratibu: kifuniko kikirudi, nakaza, nawasha, naweka gia, nafungua tena ubao na kutazama dakika nzima kwa tochi. Na kila mwezi nainua kielea cha pampu kwa kidole nisikie inalia.

Jirani ya kisanduku hicho ni pale shafti ya propela inapotoka nje. Hapo panazibwa kwa pakini na grisi. Ukimaliza safari unakizungusha kikombe cha grisi mpaka kigome, na matone yanakoma. Tone moja moja boti ikienda si ugonjwa. Likiwa mchirizi, kaza nati kidogo kidogo pande zote mbili sawa, na pakini ikikaza mno shafti inachemka. Iguse kwa mkono, baada ya kuzima.

Mzee_wa_Hesabu

Ukiona vyaelea vimeundwa.

BintiFundi_Pangani

Sawa mzee wangu, lakini uliza vimepakwa lini.

Fundi_wa_Kisauni

Sasa kaka. Mimi niko Birmingham, natengeneza injini na stima za hizi boti. Bibi hapo juu amemaliza mambo ya chuma, mimi naongeza upande wangu.

Beta ni injini nzuri, moyo wake ni Kubota, spea hupati shida. Taka kuona kitabu cha saa ambazo injini imefanya kazi. Oili na filta, mtu akienda zaidi ya saa 250 bila kubadilisha, mimi namhesabia kama hajatunza. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla ufike, rudi siku nyingine bila kumpigia simu. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, wa bluu usioisha si kawaida. Dizeli yake toa sampuli chini ya tanki kwa chupa: ukiona maji, au vitu vyeusi kama makamasi, hiyo ni vijidudu vinavyoishi mpaka wa maji na mafuta. Tanki likikaa nusu tupu majira ya baridi linatoa jasho ndani, ndiyo maji hutoka huko.

Stima ndiyo watu wa nyumba hawaelewi. Uko na betri, haumo kwenye gridi. Tuseme boti iko na betri nne za risasi za Ah 110 kila moja, yaani ampea-saa, kipimo cha stima ambayo betri inabeba. Hiyo ni 440 kwa karatasi, lakini ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa ndani ya mwaka, kwa hiyo zako halisi ni 220. Airfryer ya wati 1,500 kwa nusu saa, kupitia inveta (kile kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe ya nyumbani), inakula karibu Ah 70. Theluthi ya kibali chako imeenda na kuku. Birika la stima linavuta zaidi ya ampea 160 kwa betri ya volti 12. Chemsha chai kwa gesi kaka.

Sola inakubeba Mei hadi Agosti bila wasiwasi. Desemba inakupa ya kuchaji simu. Hapo utawasha injini, na ukiegesha karibu na watu hairuhusiwi kuiwasha kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa mbili usiku.

Wengine watakwambia uweke lithiamu. Mimi naipenda, lakini usiifunge moja kwa moja kwa altaneta ya zamani. Lithiamu inavuta kila ampea inayopewa, altaneta inachemka hadi inaungua. Weka chaja ya kati ya kuizuia.

KijanaWaKirumba

Kaka wa Kisauni umeniokoa, airfryer ndiyo mke wangu kwa sasa.

Mama, swali la pili. Nikiinunua naiegesha wapi? Mzee anasema naweza kukaa popote bure. Na mimi nalala mchana.

BintiFundi_Pangani

Bure haipo. Leseni ya mwaka unalipa kwa Canal & River Trust, shirika linalosimamia mifereji, waliorithi kazi ya British Waterways mwaka 2012, na kwa boti ya urefu wako jiandae na zaidi ya pauni elfu moja. Asiye na maegesho yake maalumu analipa nyongeza juu yake tangu Aprili 2024, jambo lililotukera wengi. Bima ya kumlipa utakayemgonga ni lazima pia.

Usipokuwa na maegesho, sheria ya 1995 inakutaka uwe safarini kweli, na mahali pamoja usizidi siku 14 mfululizo. Sheria haikutaja maili. Ila wanapita na kuandika namba za boti, na wakiona mwaka mzima unacheza kombolela kati ya madaraja mawili, barua inakuja. Bahati yako ni kwamba Milton Keynes mfereji ni tambarare, kutoka Fenny Stratford hadi Cosgrove hakuna loki hata moja, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango vya kupandisha na kushusha boti. Lakini utahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo, na kazi yako iko ghalani, unaiendea kwa baiskeli. Panga zamu zako na mfereji uzitazame kwa pamoja. Wakati wa baridi loki hufungwa kwa matengenezo, soma tangazo kabla hujakwama upande usio wa kazini.

Marina ni amani zaidi kwa mlala mchana, ila uliza kama wanaruhusu kuishi. Maegesho mengi ni ya boti za matembezi tu.

Kwa daktari wa familia usiogope kukosa anwani, kusajiliwa hakuhitaji uthibitisho wa makazi. Hilo nalisema kama muuguzi, na mtu wa mapokezi akikubishia mwombe meneja kwa upole.

Loki nitakwambia jambo moja tu. Ukishuka, ndani ya loki upande wa juu kuna kizingiti cha zege chini ya maji, na ukutani kimewekewa alama nyeupe. Tezi ikibaki nyuma ya alama hiyo, maji yanashuka na wewe unabaki umening'inia, omo, yaani mbele, inazama. Kaa mbele ya alama, mkono kwenye gia, na anayefungua maji asikuondoe machoni. Kamba usiifunge, izungushe tu na uishike.

Baridi yenyewe si mbaya. Lile jiko likiwaka vizuri utalala na fulana Januari. Linalokera ni jasho la madirishani, linashuka hadi kwenye godoro na unapata ukungu. Fungua matundu ya hewa, na usiyazibe hata kama upepo unakuuma masikio. Makaa yasiyo na moshi hutoa gesi isiyo na harufu, na mtu aliyelala hasikii chochote. Mimi nimepokea hospitalini mume na mke waliokuwa wameziba tundu kwa soksi. Walipona. Kamba ya kuzibia mlango wa jiko ikilegea badilisha, bomba lifagie, na uwe na ving'ora viwili vya kaboni monoksaidi, kimoja chumba cha kulala. Wewe unayelala mchana na jiko limefungwa kidogo ndiye hasa wa kuogopewa.

Ukienda kazini siku za kuganda, fungua mabomba, acha koki wazi, zima pampu ya maji. Na barafu ikitanda mferejini kaa ulipo. Inakata lami usawa wa maji kama msumeno, na mawimbi ya vipande vyake yanamkata jirani.

KijanaWaKirumba

Wanajukwaa, mrejesho baada ya wiki tatu.

Amana niliiandikisha, yule mteja mwingine hajasikika tena. Mkaguzi alikuja. Bamba la chini linasoma 8.6 hadi 9.1. Mbavu nyingi 5 na kitu, lakini tezini upande wa kushoto kuna sehemu kama kitabu cha shule inasoma 4.2, ina vishimo. Anodi za nyuma zimekwisha, za mbele zimebaki visiki. Lami ya "juzi juzi" risiti yake ni ya 2018. Nilitia mkono chini ya kibao kama Mama alivyosema, ukatoka na maji hadi kifundo. Yalikuwa yanavuja kutoka bomba la bafuni.

Mzee hakubisha. Tumekubaliana pauni 34,500, na yeye analipa bamba la kubandika hapo tezini. Epoksi naona nisubiri, nipake lami kwanza. Au?

BintiFundi_Pangani

Lami, ndiyo. Kipande cha bamba kikishachomelewa, anodi nne mpya siku hiyo hiyo boti ikiwa bado juu, usiirudishe majini bila hizo. Kausha ngama kwa matambara hadi tambara la mwisho litoke kavu, uweke gazeti chini ya kibao, ulitazame kila wiki. Likilowa, kuna bomba jingine.

Na nunua hendeli tatu za kufungulia loki. Moja utaiangusha majini Stoke Bruerne siku ya kwanza, mbele ya watu wanaokunywa bia. Ukifika hapo nipigie ujumbe humu, nina sumaku na kamba ya mita sita.

Fundi_wa_Kisauni

Na airfryer uza.